Sungura Ambao Hawaingii Kwa Video

Wasee, tuongee ukweli kidogo kuhusu hizi video za sungura. Unazijua. Jamaa amesimama mbele ya kizimba, kofia ameigeuza nyuma, anapiga hesabu: jike anabeba mimba siku 31, anazaa watoto 8, anapandishwa tena siku hiyo hiyo, kwa mwaka anazaa mara 11. Majike wawili, watoto 176. Anazidisha na bei ya nyama, na kabla video iishe wewe ushajiona umehamia Milimani.

Ile ya mimba ni kweli. Siku 30 hadi 32, hapo hakuna ubishi. Watoto 8 pia si uongo. Shida ni kwamba kwa hiyo hesabu hakuna mtoto hata mmoja anakufa. Mimi nafuga sungura nyuma ya nyumba huku Nyalenda, na sijawahi kuona mwaka wa hivyo, wala sijakutana na mfugaji ameuona.

Msimamo wangu ni huu: idadi ya waliozaliwa si habari. Habari ni wangapi wamefika siku ya kuachishwa kunyonya. Katikati ya hizo namba mbili ndiko kazi yote iko, na ndiko vijana wengi hukata tamaa wakidhani wamelaaniwa.

Kuna kijana jirani yangu, miaka 17. Mathe wake anauza omena, na zamu yake ya chama ilipofika alimpa kijana pesa ya kununua majike wawili. Jike wa kwanza akazaa sita. Asubuhi kijana anaamka, anapata wanne wametawanyika juu ya waya, baridi kama mawe. Mmoja ameliwa nusu. Wa sita hakuonekana kabisa. Ploti nzima ikatoa hukumu: huyo sungura ni mchawi, anakula watoto wake, chinja huyo. Kijana akaja kwangu kuomba kisu.

Nikamwambia tukaangalie kizimba kwanza. Sakafu ilikuwa waya tupu. Kona moja kulikuwa na kipande cha gunia, hakuna boksi. Mkebe wa maji ulikuwa mdogo na umekauka. Na ukuta wa pili kulikuwa na matanga, ohangla imepigwa usiku tatu mfululizo. Weka hayo pamoja na jike ambaye hajawahi kuzaa maishani.

Sungura jike akizaa hula kondo la nyuma na kulamba watoto, hiyo ni kawaida. Akiwa na kiu kali, ameshtuka, au ni mara yake ya kwanza, anaweza kupitiliza akauma mtoto. Na mara nyingi huyo mtoto alishakufa kwa baridi kabla ya kuguswa, mama anasafisha tu kiota. Unachoita uchawi kina majina ya kawaida: kiu, woga na baridi.

Kwa nini baridi, na hapa ni Kisumu, mchana joto linakaribia nyuzi 30? Hapa Kiswahili chenyewe kinatuchanganya. Neno sungura tunalitumia kwa wanyama wawili tofauti. Yule mjanja wa hadithi, yule dani alikuwa anamwita Apuoyo, ni wa porini. Jina lake la kisayansi ni Lepus victoriae, hata jina lina Victoria kama ziwa letu. Mtoto wake anazaliwa na manyoya, macho wazi, na baada ya muda mfupi anaweza kujitembeza. Huyu wa kwenye kizimba ni mwingine, ukoo wake ulitoka Ulaya, na huko mama huzalia ndani ya shimo ardhini. Mtoto wake anazaliwa uchi, haoni, uzito wake kama gramu 50. Macho yanafunguka karibu siku ya 10. Wiki ya kwanza hawezi kujitengenezea joto la kutosha. Anaishi kwa joto la ndugu zake na manyoya ambayo mama amejing'oa tumboni. Ukimtenga na hao ndugu usiku mmoja wa mvua, asubuhi hayuko.

Kwa hivyo lile boksi la mbao ndilo shimo lenyewe. Kama sentimita 45 kwa 30, nyasi kavu ndani, linaingia kizimbani siku ya 28 ya mimba, sio siku ya kuzaa. Mbele liwe na kizuizi kirefu kiasi, kwa sababu mama akiruka kutoka, mtoto anaweza kuwa bado ameng'ang'ania chuchu, anaburutwa nje. Na sungura si paka. Hajui kumbeba mtoto kwa mdomo kumrudisha. Akianguka nje, ni wewe utamrudisha, ama ndio basi.

Kitu kingine kinachotisha watu: "Mama hawajali, hakai na watoto." Hafai kukaa nao. Ananyonyesha mara moja kwa siku, labda mara mbili, dakika tatu hivi hadi tano, mara nyingi usiku au alfajiri, halafu anaenda zake. Porini hiyo ndiyo njia ya kutoonyesha adui kiota kiko wapi. Kujua kama wamenyonya, angalia tumbo asubuhi. Aliyeshiba tumbo limejaa kama mpira mdogo. Aliyelala njaa ngozi imekunjamana kama ya mzee. Na ndio, unaweza kuwashika. Ile stori kwamba ukigusa mtoto mama atamkataa ni ya kutishia watu. Nawa mikono tu, na upapase mama kwanza.

Ukipata mtoto amepoa, usikimbilie kumzika. Mweke ndani ya shati, kwa ngozi yako, au umzungushie chupa ya maji vuguvugu iliyofungwa kitambaa. Wengine huanza kucheza baada ya nusu saa, na uwe umeshawalia. Lakini usimpe maziwa akiwa bado baridi. Tumbo lake haliwezi kuyashughulikia. Na ukiweza, pandisha majike wawili siku moja. Mmoja akizaa 11 na mwingine 4, unahamisha watoto, ilimradi umri wao usipishane zaidi ya siku mbili tatu. Wapake nyasi za kiota kipya wanuke kama wenyeji.

Halafu kuna siafu. Miguu ya kizimba iwe ndani ya mikebe ya oili chafu, maanake siafu wakiingia kwa boksi usiku, hakuna cha kuhesabu asubuhi. Na kuna ile jua yetu ya saa saba chini ya mabati: boksi lililofunikwa sana linawapika. Ukiona wametawanyika, wekundu, wanahema, punguza manyoya. Mvua ya jioni ikishuka, warudishie.

Sasa rudi kwa jamaa wa video na hesabu yake ya mara 11. Hiyo hesabu haifichi vifo tu, inavileta. Jike anayepandishwa siku aliyozaa ananyonyesha na kubeba mimba kwa wakati mmoja. Mwili unaisha. Maziwa yanapungua, wanaofuata wanazaliwa wadogo, wanakufa wiki ya kwanza, na mwenye kizimba anasema jike ni mbaya. Mimi nasubiri watoto waachishwe, mama apate nyama mgongoni, ndipo arudi kwa dume. Nazalisha mara chache kuliko yule jamaa, na naachisha wengi.

Hata hivyo nisikudanganye upande ule mwingine pia. Unaweza kufanya yote, boksi, maji, oili, kimya, na bado ukafungua asubuhi ukapata wawili wamelala pembeni bila alama yoyote. Huku kwetu mtu akifa tunaweka hema na viti, watu wanakesha. Mtoto wa sungura anaingia chini ya mgomba na hakuna mtu anakuuliza uko aje. Ukisema umeumia, mbogi inacheka: "Si ni kasungura tu?" Ni kasungura, sawa. Lakini nilikuwa nahesabu siku zake toka siku ya kwanza ya mimba, na kuumia kwangu hakuhitaji kibali cha mbogi.

Kijana hakuchinja. Tulitafuta mbao, tukapiga boksi, mathe akatoa sufuria kuukuu iwe ya maji, maana jike anayenyonyesha anaweza kumaliza lita nzima kwa siku. Jike yule yule, mchawi wa ploti, akazaa saba ndani ya boksi na akajing'oa manyoya vizuri. Siku ya pili wawili wakafa. Watano wakaachishwa.

Kijana alitaka kumwambia mathe kwamba walizaliwa watano tu, ionekane hakuna aliyepotea. Mwishowe akamwambia saba, na watano. Mathe hakushtuka hata kidogo. Akasema omena ikitoka majini hahesabu pesa. Inaanikwa kwanza, na mvua ikinyesha kabla haijakauka, sehemu inaharibika. Anahesabu iliyokauka, inayoingia kwa gunia. Hiyo iliyoharibika anaijua pia, kwa sababu ndiyo inamwambia kesho aanike saa ngapi.

Hiyo ndiyo elimu imekosekana kwa hizo video, na huyo mama hata hana bando ya kuzitazama. Daftari langu liko na safu mbili: waliozaliwa, walioachishwa. Kando ya kila aliyekufa naandika siku na nilichokiona: tumbo tupu, nje ya boksi, sijui. "Sijui" ziko kadhaa. Lakini zile zingine zimenifunza kuliko chochote nilichowahi kuambiwa na mtu mwenye sungura mnono mkononi.

Kwa hivyo kabla utoe pesa ya chama ya mathe wako, muulize anayekuuzia jike, au yule wa kofia nyuma, maswali mawili: mara ya mwisho walizaliwa wangapi? Na wangapi waliachishwa? Akikupa namba moja kwa yote mawili, kila wakati, shika pesa yako. Huyo ama hajafuga, ama hafungui boksi asubuhi.