Safari ya Haubi na Gari Letu la Zamani

Leo nawapeleka Kondoa. Kutoka Dodoma mjini hadi Kondoa ni kama kilometa 160 za lami. Huko utaona milima ya Irangi na makorongo makubwa. Mvua ilibeba udongo miaka mingi. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika. Majani na miti ikaanza kurudi.

Tulikuwa wawili, mimi na dereva. Gari letu ni Land Rover ya zamani. Nyuma tumeweka kitanda, taa mbili na friji ndogo ya chanjo ya kideri cha kuku. Chanjo hiyo hutunzwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikikaa kwenye joto hupoteza nguvu. Kuku wa kijiji walitegemea friji hiyo.

Gari lina njia mbili za umeme. Tukiwa porini tunatumia jua. Tukilala mjini tunachomeka waya mrefu kwenye umeme wa nyumba.

Usiku wa kwanza tulilala Kondoa mjini, katika uwanja wa nyumba ya wageni. Mvua ilikuwa imenyesha. Tukachomeka waya. Dereva aliposhika mlango wa gari, umeme ukamtupa chini. Sikumgusa. Nilikimbia kwanza kuchomoa waya, kisha nikampeleka hospitali. Tunashukuru, alipona.

Asubuhi fundi wa umeme alikagua. Aliona makosa mawili. Kwanza, waya wa ndani ulikuwa umechubuka na kugusa bati la gari. Pili, waya wetu mrefu ulikuwa na nyuzi mbili tu, haukuwa na ethi. Gari husimama juu ya mipira. Umeme ukiingia katika bati hauna njia ya kwenda ardhini. Mtu aliyesimama kwenye maji akishika mlango, yeye ndiye anakuwa njia.

Fundi alibadilisha waya uliochubuka. Akaweka waya mrefu wa nyuzi tatu. Wa kahawia na wa buluu hupitisha umeme. Wa kijani na njano ni ethi, akaufunga kwenye bati la gari. Aliweka pia swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Mwisho alipima kama soketi ya nyumba nayo ina ethi.

Tukapanda Haubi, penye ziwa katikati ya milima. Hapo tulitegemea jua. Juu ya gari kuna paneli mbili za wati 100. Umeme wake hupita kwenye kidhibiti, ili betri isijazwe kupita kiasi. Karibu na betri kuna fyuzi. Nyaya zikigusana, fyuzi hukatika kabla moto haujawaka.

Tulipiga hesabu hivi. Wati 200 kwa saa 5 za jua kali ni 1,000, yaani uniti moja. Vumbi na joto hupunguza, basi tuliweka 700. Friji hula kama 480 kwa siku. Taa mbili za wati 5 kwa saa 4 ni 40. Jumla ni 520. Inatosha.

Siku ya pili mawingu yalitanda. Jioni kipimo kilionyesha volti 12.2, maana yake betri imebaki nusu. Betri ya maji ikishushwa zaidi ya hapo mara kwa mara, hufa mapema. Tukazima taa. Tukala gizani na kuzungumza na wazee. Friji tuliiacha iendelee.

Siku ya tatu jua lilitoka. Akina mama walileta kuku katika matenga. Kila kuku alipata tone moja jichoni. Chanjo ilikuwa bado ya baridi.

Ndugu msomaji, ukitaka umeme wa jua, piga hesabu kabla ya kununua. Ukitumia umeme wa nyumba, dai ethi. Siku hizi tukifika mjini dereva wetu haguswi na haraka. Anakagua ethi kwanza, ndipo anachomeka.