Pshhh! hadi Kasulu

Wadau, nimekuwa kimya. Nilikuwa nyumbani Kasulu nikifundishwa mambo ya hewa.

Nina Subaru Forester ya turbo, mtumba wa Japani. Walioniharibu ni akina Colin McRae na Richard Burns: tazama video za Safari Rally walizoshinda na Subaru, mwaka 1997 na 2000, utanielewa. Nikataka gari langu nalo lilie "pshhh!" kila nikiachia mafuta. Fundi mmoja Dar akang'oa vali ya kiwandani, akafunga blo-ofu inayong'aa kama sufuria ya harusi. Ile ya zamani nikaitupa kwenye buti.

Mjini raha tupu, bodaboda wananigeukia. Ila kwenye foleni gari likawa linazimika. Nikasingizia petroli mbaya. (Mwandishi wa habari mzima, sikuuliza hata swali la pili!)

Siku tunatoka Kibondo kwenda Kasulu, mama yangu kiti cha nyuma, kwenye mteremko wenye kona nikaachia mafuta, nikakanyaga klachi nipunguze gia. Pshhh, halafu kimya. Injini imezima. Usukani ukawa mzito kama wa trekta, na breki, kufika mkanyago wa tatu, ngumu kama ukuta. Tulisimama tairi moja likiwa mtaroni. Mama hakusema neno hadi tunaingia Kasulu.

Nikapata mzee mmoja aliyezeekea kwenye Land Cruiser za dizeli za mashirika ya wakimbizi, tangu kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996. Shikamoo, marahaba. Akafunua boneti, akakitazama kile kidude.

"Hewa hii inakwenda wapi, mwanangu?"

"Nje, mzee."

"Na kompyuta imeambiwa?"

Sikuwa na jibu. Turbo inashindilia hewa kwenda kwenye injini. Ukiachia mafuta, mlango wa hewa unajifunga, hewa inakosa pa kupita na kurudi kuipiga feni ya turbo. Ndiyo maana kuna vali ya kuitoa. Sasa, Subaru yangu ina sensa inayoipima hewa mwanzoni kabisa, kabla ya turbo, na kompyuta inamwaga petroli kwa hesabu hiyo. Vali ya kiwandani huirudisha hewa kwenye bomba, kati ya sensa na turbo, kimyakimya. Mimi nilikuwa naimwaga barabarani hewa iliyokwisha hesabiwa. Petroli ikazidi, injini ikapaliwa.

Kinachonishangaza mpaka leo: dizeli za turbo za zamani alizozizoea hazina hata huo mlango, kwa hiyo hazihitaji vali hiyo.

"Ila hewa ni hewa," akasema, akinituma nikalete vali yangu kutoka kwenye buti.

Akaifunga na gasketi mpya. Jioni nikampeleka mama sokoni. Nikaachia mafuta kwenye tuta, gari kimya, injini inaunguruma taratibu. Akainama mbele kidogo.

"Yule nyoka mmemtoa?"