Kabla ununue eafraya, skiza hii stori ya nyoyo ya mama

Wasee, inboksi yangu wiki hii ni swali moja tu. "Buda, nina elfu nane, nichukue eafraya ama ile sufuria ya presha ya stima?" Wengine mko hosteli, wengine mmepata keja ya kwanza, kuna mmoja anapanga harusi na anataka kujua ataitisha zawadi gani. Nimejibu watu kama kumi mmoja mmoja hadi nikachoka, wacha niandike mara moja.

Jibu fupi: kama kwenu chakula ni maharagwe, ndengu, mahindi, matumbo na nyama ngumu, chukua sufuria ya presha. Eafraya ingoje. Jibu refu linamhusu mama yangu, na ndani yake mimi sionekani vizuri sana.

Mama huuza nyoyo hapa Bondo, kando ya barabara. Kama hujui nyoyo, ni mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Ndiyo, kama githeri, na tafadhali msianze vita kwa komenti. Huanza kuchemsha usiku kwa mafiga, anaamka saa tisa kuongeza kuni, na kufikia saa kumi na mbili watu wa boda tayari wamesimama hapo na vikombe vya chai. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili nikarudi nyumbani, kwa hivyo huo moshi naujua. Huingia hadi kwa ile shati moja nimeweka ya kurekodi video.

Pesa ya kwanza ya maana niliyopata kwa kontenti, mama alikuwa ameshaipangia kazi: ilipe sehemu ya karo nirudi darasani. Mimi nikapanda matatu ya Kisumu, nikarudi na boksi. Akaniangalia, akaangalia boksi, akaniangalia tena.

"Nyathina, mimi nilikupeleka shule. Wewe umeniletea sufuria."

Nikamwambia hii ndiyo itamaliza moshi. Nilikuwa naamini kabisa. Shida ni kwamba sikuwa nimepima chochote. Sufuria ni ya lita 6, na ukipika mahindi au maharagwe hufai kupita nusu, kwa sababu yanafura na povu linaweza kuziba vali. Hiyo ni lita 3. Sufuria ya mama ya biashara inameza karibu debe zima. Alifungua kifuniko, akachungulia ndani, akauliza hii ni ya kupikia mteja gani. Nilicheka. Leo ukiniuliza, hilo ndilo swali la kwanza unafaa kujiuliza dukani: unapikia watu wangapi, na nusu ya hiyo sufuria inawatosha?

Akauliza pia kama italipuka. Nikamwambia aache ushamba. Baadaye nikaenda kusoma, nikapata kwamba Mfaransa Denis Papin alipotengeneza sufuria ya kwanza ya presha mwaka 1679, za mwanzo zilikuwa zinalipuka kweli, hadi akaongeza vali ya kutoa mvuke. Kwa hivyo ushamba ulikuwa wangu. Vali ndiyo hicho kidude kilicho juu ya kifuniko. Kioshe, hakikisha hakuna ganda la maharagwe limekwama, na usilazimishe kifuniko kabla pini ya presha haijashuka yenyewe.

Siku ya kwanza niliichomeka kwa ekstensheni ya bei ya chini, ile ya kuchajia simu. Baada ya dakika kumi nyumba ikanuka plastiki. Hii sufuria inavuta wati 1,000, ekstensheni nyembamba haiwezi. Chomeka moja kwa moja kwa soketi ya ukuta. Kama soketi inapata moto ama inalegea, ita fundi kwanza, usiite mimi.

Sasa tufike mahali penyewe.

Hizi sufuria zina vibonyezo vingi, na kimoja ni cha kupika polepole. Mimi nikaona kontenti hapo. Weka maharagwe mekundu jioni, lala, amka, kula. Nikarekodi vizuri, mwangaza safi, mvuke ukitoka asubuhi. Yalikuwa bado magumu kidogo katikati lakini kwa kamera hayaonekani. Nikapandisha video. Ndugu yangu mdogo akala bakuli nzima kwa sababu ilikuwa Jumamosi na hakuna wa kumkimbiza shule.

Baada ya saa mbili alikuwa anatapika hadi anashikilia ukuta. Mama alikuwa barabarani anauza. Nikambeba kwa boda hadi kliniki, na swali la kwanza la daktari likawa amekula nini. Nikasema maharagwe. Akauliza mekundu? Mliyachemsha yakatokota?

Hayakutokota. Hiyo ndiyo maana ya kupika polepole. Maharagwe mekundu mabichi yana sumu ya asili, aina ya lektini, na dawa yake ni kuyaloweka, kumwaga yale maji, halafu kuyachemsha yatokote kabisa kwa dakika 10 au zaidi. Moto wa chini usiofika kutokota hauitoi, na unaweza hata kuiongeza makali. Mafiga ya mama, pamoja na moshi wake wote, hayajawahi kumtapisha mtu, kwa sababu pale nyoyo inatokota masaa. Kwa presha pia huna shida hiyo. Huku kwetu, kama mita 1,200 juu ya bahari, maji kwa sufuria ya kawaida yanatokota karibu nyuzi 96. Ndani ya presha yanapita 110. Ndiyo maana maharagwe yanalainika haraka, na ndiyo maana kibonyezo cha presha na kile cha polepole si ndugu hata kama wamekaa sufuria moja.

Dogo alipona siku hiyo hiyo, jioni alikuwa anaitisha soda. Lakini video ilikuwa imeshapata watu elfu tisa. Niliitoa baada ya siku mbili. Hamkuniuliza lakini wacha niseme: siku mbili, kwa sababu ilikuwa inaenda vizuri, na sikuwa nimewahi kufika elfu tisa. Kama uliiona ukajaribu, ukaumwa, pole. Hii post ndiyo nilifaa kuandika ile Jumamosi.

Mama hakunigombeza. Alichukua sufuria, akaifunika na kitambaa, akaiweka juu ya kabati pale panapokaa vyombo vya wageni. Ikakaa huko miezi.

Kilichoishusha ni mvua. Kuni zililowa, moshi ukawa mzito, mama akakohoa wiki nzima. Usiku mmoja, bila kuniangalia, akasema, "Ile sufuria yako, bado inajua kupika?" Tukaloweka mahindi na maharagwe tangu asubuhi, tukamwaga maji, tukaweka mapya, presha dakika 50. Nilikuwa nimeandika namba ya mita kabla, nikazima kila kitu kingine, nikaangalia baadaye. Ilikula nusu yuniti. Kwa tokeni zetu hiyo ni kama shilingi 12. Makaa ya kuivisha nyoyo kiasi hicho hayawezi kununuliwa na shilingi 12, hata ukiwa na mjomba anayeyauza.

Kinachosaidia ni kwamba ikishafika presha, stima inajizima, inarudi kidogo kidogo tu. Hapo ndipo eafraya inaanguka. Niliazima moja ya wati 1,500 kutoka kwa beshte yangu Kisumu. Nikaleta ngege mzima, kichwa kikabaki nje. Omena zilizokauka zikapeperushwa na feni kama vumbi. Vipande vya mbuta vilitoka vizuri, siwezi kudanganya, ngozi ikawa kavu na mafuta hayakuhitajika. Lakini wati 1,500 kwa dakika 20 ni nusu yuniti, ile ile iliyopika nyoyo ya familia, na hapa tumepata vipande viwili vya samaki. Ukiwa na pesa na unapenda chipsi, sawa, ni maisha yako. Usianze nayo tu.

Na chapati na ugali? Hapana. Jiko lako usiliuze.

Sasa hivi mama anaanza na sufuria kubwa kwa kuni kama kawaida, kwa wale wa boda. Ikiisha saa nne hivi, wanafunzi wa JOOUST wanaochelewa kuamka wanapata ile ya lita 3. Zamani aliwarudisha. Moshi haujaisha kama nilivyoahidi, lakini ameacha kuwasha moto mara ya pili.

Kuna kitu kingine ambacho aliona kabla yangu. Tulianza kupika na stima kila siku, na baada ya miezi michache akasema tokeni zimepungua. Nikamwambia ni kwa sababu tunapika. Akasema hapana, si kwamba zinaisha haraka, tangu mwanzo zinakuja chache. Akanionyesha meseji za M-Pesa. Za shilingi 200 zilikuwa zinaleta yuniti 8 na kitu, sasa ni 7 na kitu.

Alikuwa sawa. Tangu Aprili 2023 matumizi ya nyumbani yamegawanywa mafungu matatu: hadi yuniti 30 kwa mwezi, kutoka hapo hadi 100, halafu zaidi ya 100. Wanaangalia wastani wa miezi mitatu. Nyumba yetu ilikuwa yuniti 20. Nusu yuniti kila siku ni 15 kwa mwezi, jumla 35, na ukivuka 30 kila yuniti yako inapanda bei, hata ile ya taa. Keja nyingi za watu wa stima kidogo zitavuka hivyo bila kujua.

Mama amepiga hesabu yake kwa chaki nyuma ya mlango. Sufuria ya presha siku nne kwa wiki, sio saba. Hiyo inatuweka kama 29. Imebaki yuniti moja ya kuchezea, na ameniambia ile taa yangu ya mviringo ya video nikairekodie nje, kwa jua.