Springi ya Babu

Siku tulipomzika Babu, mtu mmoja aliniuliza pale msibani: kati yenu wawili, nani alimfundisha mwenzake mambo ya springi? Nilinyamaza. Msiba si mahali pa kujibu swali kama hilo.

Nilitoka Korogwe na cheti cha darasa la saba, nikauza mihogo Kariakoo, kisha nikaangukia Gerezani kwenye banda la Babu. Nilikaa miaka 31.

Riziki yetu ilikuwa pikipiki za mzigo. Zile za mbio, ndogo za cc 250, zilikuja kwa nadra, na Babu alianza kuzishika yeye mwenyewe. Hakuanza na spana. "Panda," alimwambia mteja, "fumba macho, shika usukani." Akitazama kifundo cha mkono kimepinda, alilegeza bolti, akateremsha mkono wa klachi mpaka vidole na kigasha vikawa mstari mmoja. Kisha breki. Kisha pedali ya gia, kwa kugeuza kijiti chake chenye nati. Mtu aliyekuja akilalamika ganzi viganjani alitoka bila kununua chochote. Ninyi vijana mnaokimbilia kumuuzia mteja usukani mpya, mmewahi kumwambia afumbe macho?

Kwenye shokapu ndiko tulikokosana.

Aliletewa Ninja 250R na bwana wa kilo 95. Kila tuta, nyuma inagonga. Babu akachukua spana ya ndoano, akazungusha kola ya springi toka ngazi ya kwanza hadi ya tano, ya mwisho. "Sasa ni ngumu," akasema.

Nikaomba kupima. Tuliinua mkia mpaka springi ikanyooka yote, nikapima kwa futi kamba toka ekseli hadi alama niliyoichora mkiani. Bwana akapanda, miguu juu, mwenzetu akishika mbele, nikapima tena. Ilizama milimita 46. Kwenye ngazi ya kwanza ilikuwa 58. Tairi la nyuma la pikipiki hiyo lina safari ya milimita 130 tu, na mimi natafuta kama 35. Aliposhuka, kola ikiwa ngazi ya tano, pikipiki yenyewe haikuzama hata milimita 2. Hiyo ni springi nyembamba iliyobanwa kupita kiasi.

"Babu, kuibana kunainua kiti tu. Waya ni uleule. Kilo ya ziada itaizamisha vilevile."

"Mwanangu, mimi nimebana springi kabla hujazaliwa."

Hakusema nami siku mbili.

Mwenzetu mmoja, jina silitaji maana sasa ana duka lake, alijidai kutuzidi wote. Alimshushia binti mfupi pikipiki kwa kubadili vyuma vya kiungo cha nyuma, akasahau mbele na akasahau stendi. Usukani ukawa mzito kukata kona. Stendi, ndefu kuliko inavyotakiwa, ikaiacha pikipiki imesimama karibu wima, upepo ukaiangusha. Binti alihitaji kuchongewa sponji ya kiti tu.

Miaka mingi baadaye nilirudi toka kununua oili nikakuta wanafunzi wamemzunguka Babu na mteja mnene. "Kubana hakusaidii," alikuwa akiwafokea, "mtafutieni springi yenye waya mnene. Nimesema hivi siku zote!"

Futi kamba yangu ilikuwa mkononi mwake.