Pete ya Ndoa Rehani: Ungekubali?

Kama wazazi wako walipenda Dolly Parton, Margo Price hatakuwa mgeni masikioni mwako. Dada huyu wa Illinois, Marekani, anaimba honki-tonki, ile kantri ya kizamani ya kwenye baa: fidla, gitaa linalolia kama mtu, na visa vya pombe, madeni na mapenzi. Kampuni za Nashville zilimkataa moja baada ya nyingine.

Kilichonigusa mimi ni pete. Ili walipie kurekodi albamu katika studio ya Sun, Memphis, mumewe Jeremy Ivey aliuza gari, naye akaweka rehani pete yake ya ndoa. Albamu hiyo, Midwest Farmer's Daughter, ilitolewa 2016 na Third Man Records ya Jack White, ikaingia kumi bora za kantri Marekani.

Nilipomsimulia mume wangu, alicheka, kisha akanyamaza. Yeye anatamani kuacha kazi ya benki afungue studio ya picha. "Mama watoto, wewe ungeitoa yako?" Tuliongea mpaka saa saba usiku. Nikamwambia ukweli: pete naitoa, ada ya watoto siigusi. Siku ya pili tukaanza kupiga hesabu ya kamera.

Tusidanganyane, ndoto nyingine hazilipi. Lakini wale wawili walijua pamoja wanaweka nini mezani. Na wewe je, mwenzio anaijua bei ya ndoto yako?