Chaza wa Cancale

Katika bandari ya Cancale, pwani ya Brittany nchini Ufaransa, maji hupwa na kujaa kwa tofauti iwezayo kufikia mita 14, na mashamba ya chaza hufunuka bahari ipwapo. Muuzaji alipenyeza kisu kifupi katikati ya makombe, akaukata msuli, akatupangia dazeni moja sahanini. Kando akaweka kibakuli cha mchuzi: vitunguu vidogo vilivyokatwakatwa, pilipili manga na siki. Hapo tukasita. Chaza kwetu Mashafii ni halali, lakini siki ile ilitokana na divai. Tukauliza: iligeuka yenyewe, au kwa kutiwa kitu? Hakujua. Basi tukaomba limau, tukala tumeketi ngazini tukiikabili bahari, makombe tukayatupa ufukoni kama wenyeji. Mama watoto akaagiza dazeni ya pili.