Jino la Bibi na Doa Jeupe

Hapa kwetu Pemba mtu haendi kwa daktari wa meno mpaka jino limkeshe usiku. Kwanza atasukutua maji ya chumvi, kisha atatia karafuu, maana karafuu hatuzikosi, na zikishindwa zote hizo ndipo atakapokumbuka hospitali. Akifika husema neno moja tu: ling'oe. Likisha kung'olewa, ameagana na daktari mpaka jino jingine limuume. Nami nilikulia katika desturi hiyo hiyo. Lakini mambo yaliyotokea nyumbani kwetu Madungu mwaka jana yamenifanya nitake kuwaandikia wenzangu, na wazee wetu wasomao gazeti hili.

Bibi yangu mzaa mama ni mtu wa uraibu. Kijaluba chake hakimbanduki: tambuu, popoo, chokaa, katu kidogo, na tumbaku. Ametafuna tangu ujana wake, na asema arusi isiyo tambuu si arusi. Basi gego lake moja lilianza kutikisika, na kwa kuwa mimi ndimi mkubwa wa wajukuu nikaamriwa nimpeleke hospitali, Chake Chake.

Daktari alikuwa mwanamke, kijana. Akamwamkia Bibi, kisha akamwambia, "Nitatazama kinywa chote kwanza, jino litangoja." Akaikunjua midomo, akavuta mashavu huku na huku, akaushika ulimi kwa kitambaa cheupe akautoa nje na kuutazama kandoni na chini yake, akamulika kaakaa na koo, mwisho akapapasa shingo na chini ya taya. Hayo yote hayakupita dakika tano, wala hayakuuma. Ndani ya shavu la kushoto, pale pale Bibi anapoliweka tonge lake la tambuu, aliona doa jeupe lisilofutika kwa kitambaa. Bibi mwenyewe hakuwa na khabari nalo. Halikuwa likimuuma.

Na hilo ndilo jambo lenyewe. Saratani ya kinywa ikianza mara nyingi haiumi. Huja kama doa jeupe au jekundu, au kinundu, au kidonda kidogo ambacho mtu hudhani kimetokana na jino lenye ncha. Maumivu hufuata baadaye, pamoja na shida ya kumeza, ulimi mzito, na uvimbe shingoni. Na wakati huo tiba huwa kubwa, ya kukatwa na kuchomwa kwa mionzi. Mgonjwa wa Pemba anayehitaji mionzi huvuka bahari, na wengi wamepelekwa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Kwa hiyo angojaye kuumwa ndipo aende, amengoja ishara inayochelewa. Daktari alitupa kipimo chepesi: kidonda au doa lo lote la mdomoni lisilopona kwa wiki mbili lionyeshwe, hata kama haliumi.

Wengi wasema ubaya wa tambuu ni ile tumbaku tu. Sivyo. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, lilichapisha uamuzi kuwa popoo yenyewe huleta saratani, hata pasipo tumbaku. Ya sigara, ugoro na ulevi yalikuwa yakijulikana zamani. (Wavulana wenzangu mnaoficha tumbaku za pakti chini ya mdomo, nanyi mmo.)

Huko Kerala, Bara Hindi, ambako watu hutafuna tambuu kama sisi, kuanzia 1996 wafanyakazi wa afya waliofunzwa walipita nyumba kwa nyumba wakitazama vinywa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2005 yalionyesha kuwa, miongoni mwa watumiao tumbaku au ulevi, vifo vya saratani ya kinywa vilipungua kwa kadiri ya theluthi moja vikilinganishwa na mahali pasipotazamwa. Nao wale hawakuwa hata madaktari wa meno. Kazi yao ilikuwa macho na taa.

Bibi alipigwa sindano ya ganzi, akakatwa kipande kidogo cha nyama, kikapelekwa Unguja kupimwa. Siku tulizongoja zilikuwa ndefu; mama alikuwa akisahau chumvi katika mchuzi, wala hakuna aliyethubutu kumwambia. Jibu likaja kuwa si saratani, ila nyama ya pale imeanza kugeuka. Doa kama hilo pengine hukaa miaka bila ya kudhuru, pengine huwa saratani, na kwa kulitazama tu hakuna awezaye kukata shauri. Bibi akaambiwa aache uraibu, na aonekane kila miezi mitatu.

"Nikiacha tumbaku, nikabaki na popoo?" akauliza.

"Hapana, Bibi."

"Na wageni wakija, nitafune nini?"

Daktari akamwambia atafune iliki. Bibi akajibu kuwa iliki ni ya chai.

Ameshakwenda mara tatu tangu hapo, na doa halijaongezeka. Gego liling'olewa siku nyingi, na hakuna alikumbukaye. Kijaluba kingali ubavuni mwake. Ndani mna iliki, na kila Ijumaa mimi hukifungua nikatazama, naye huninunia mpaka magharibi.